Waliniuliza kwa Nini Sikusimama

Alhamisi, Bugolobi.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika katikati ya asubuhi, ikatuachia joto la kunata. Moyo wangu ni mzito. Nimetafuta neno zuri zaidi ya hilo, nimelikosa.

Nimetoka gereji. Jibu ni hapana. Gari langu limekufa injini kabla ya umri wake, kiwanda kimekataa kunipa nyingine, na kilichonikosesha ni maneno ya kinywa changu mwenyewe. Niliyasema nikiwa na akili zangu timamu, na yalikuwa uongo mtupu.

Nimwambie nani? Majirani wa ghorofa hii ni watu wazuri. Tunaazimana chumvi, tunashikiana nafasi kwenye foleni ya sukari. Lakini siku hizi hata mtu mzuri humwambii kila kitu, kwa sababu kesho naye ataulizwa, na akiulizwa kwa nguvu atajibu. Kwa hiyo nakuambia wewe, shajara yangu, ambaye hujawahi kunijibu hata mara moja.

Nianze na Mama, maana haya yote ni ya Mama.

Alikuja Kampala mwaka aliofariki Yona, mume wangu, aliyekuwa fundi wa injini za reli. Alisema anakuja kunituliza kidogo, kisha arudi Maragoli, kwetu Kenya, kwenye shamba lake. Hakurudi. Alilima kibustani nyuma ya ghorofa, akauza maharagwe Makindye pamoja na rafiki yake, akajifunza Kiganda cha kutosha kubishana bei na kinachobaki cha kusengenyea. Mimi nilipokuwa ghalani kwenye kazi yangu ya ukarani wa chai, yeye alikuwa akiiendesha nyumba, na jioni nikirudi ananiendesha na mimi.

Sasa anaumwa tumbo, na tumbo lenyewe limeshinda dawa. Daktari alinivuta kando, akavua miwani, akaniambia nimpeleke anakotaka kwenda na nisikawie.

Anakotaka kwenda ni nyumbani. Kwetu mke hulazwa kwenye boma la mumewe. Baba yuko pale mbele ya nyumba, na upande wake mmoja umeachwa wazi tangu siku aliyozikwa. Hapalimwi, na watoto hawachezi hapo. Mama akipataja mahali pale hana huzuni hata chembe. Hupataja kama mtu anayezungumzia kiti chake kanisani. Anachotaka ni kufika akiwa anapumua, alale usiku kadhaa katika nyumba yake, asalimiwe asubuhi kwa lugha yake, ndipo mengine yafuate.

Akifia huku, kuvusha maiti mpakani ni kazi ya watu wenye wakubwa wao. Sisi Wakenya hapa mkubwa wetu nani? Tunaishi kwa kutembea kando ya ukuta.

Garimoshi la abiria halivuki tena. Basi hawezi, kwa sababu hawezi kukaa wima hata kwa muda wa kumaliza kikombe cha uji. Wenye magari ya kukodi, ukiwatajia Busia, mpakani, wanakumbuka ghafla kwamba wana msiba kijijini. Kaka yangu Zakayo ana pikapu kule Kenya, lakini jirani yake alivuka na gari kuja huku, akarudi kwa miguu. Nilimpelekea salamu kwamba asithubutu kuja. Nitamleta mimi.

Nitamleta mimi. Ndivyo nilivyojigamba, kwa sababu nilikuwa na gari.

Nililipenda gari lile, nikuambie ukweli. Jeupe, viti vya kahawia, nililinunua likiwa jipya kabisa. Wanaume wa ghalani walisema litanishinda. Hawakujua kwamba Yona aliniachia masikio yake. Alikuwa akinisimamisha karibu na injini inayonguruma, ananiambia, sikiliza, hapa inalalamika, hapa imetulia. Jumamosi wanawake wenzangu walikuwa wakienda kusuka nywele, mimi natazama injini za watu. Ndiyo maana oili ya gari langu niliipima kila juma kabla sijanywa chai. Siku hizi oili inatafutwa kama dawa, na wengi wanauziwa iliyokwisha kutumika ikachujwa kwa kitambaa. Yangu niliipata kwa madereva wa malori ya chai, na kopo lilifunguliwa mbele ya macho yangu. Gari lile sikulinyima kitu.

Jumamosi iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya safari. Mama nilimlaza kiti cha nyuma juu ya kigodoro, nikamzungushia mito, nikamfunika kanga. Nikamwuliza kama yuko tayari. Akasema bado, twende kwanza Makindye kwa Mama Alaba.

Mama Alaba ndiye yule rafiki yake wa maharagwe. Ni mke wa sajini mstaafu wa polisi, mtu wa Arua, na Kiswahili wanachozungumza na Mama ni chao wenyewe, hakifundishwi shule yoyote. Nilinung'unika. Makindye si njia ya Busia, ni kurudi nyuma. Mama akaniambia kwamba mtu haondoki mahali kama mwizi. Umekula na watu miaka yote hiyo, unawaaga. Nikageuza gari.

Waliagana kupitia dirisha la nyuma. Sikusikia yote. Walishikana mikono, mmoja akaanza kucheka, mwingine akamfuata, kisha vicheko vikawa si vicheko tena, nami nikajitia kupangusa kioo.

Kurudi kwetu kulitupitisha kando ya uzio wa kambi ya jeshi.

Kila mtu wa Kampala anaijua sheria ya pale, ambayo haikuandikwa popote. Hapo hupigi honi, hugeuzi shingo, na husimami. Kulikuwa na mwalimu mmoja, alikaa ghorofa ya chini yetu. Tairi lake lilipasuka hapo akashuka kulibadilisha. Gari lake tuliliona tena mjini likiendeshwa na mtu mwingine. Mwalimu hatukumwona. Mkewe alikaa muda akimsubiri, kisha akawachukua watoto wakahama, na hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi.

Mwanzoni kabisa mwa uzio ule, taa nyekundu ya oili ikawaka.

Mimi najua maana ya taa ile. Yona alikuwa akisema taa nyingine zinakuomba, ile inakuamuru: zima injini hapo hapo ulipo. Pangekuwa mteremko ningeizima na kuliacha gari litembee kwa uzito wake. Lakini pale ni kupanda, tena kupanda kwa kuhema. Mguu wangu ulikuwa umeshaanza kuinuka kwenye mafuta niliposikia sauti ya Mama kutoka nyuma, nyembamba na kavu.

"Usisimame, mwanangu."

Nikamwambia nisiposimama injini itakufa.

"Ife. Wewe usisimame."

Nikakanyaga mafuta.

Sijui kama kuna mtu atakayenielewa nikisema kwamba niliisikia injini ile ikiumia. Ilianza kugonga taratibu, kama mgeni mwenye adabu mlangoni, kisha ikagonga kwa ngumi. Nilihisi chuma kinasaga chuma chini ya nyayo zangu, na aliyekuwa akikisaga ni mimi. Langoni askari mmoja aligeuka kututazama kwa sababu ya kelele. Nilitazama mbele. Nyuma Mama alikuwa akisali kwa Kimaragoli, bila kupumzika, sala ile ile. Tuliumaliza uzio, tukafika kileleni, na hapo injini ikatoa mlio mmoja mrefu, ikashikana. Gari likateremka lenyewe, kimya, hadi Kabalagala.

Nilizima na kuwasha. Hakuna kitu. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani. Mama akaniuliza kama tumefika Busia. Alikuwa anatania. Hata hapo alikuwa anatania.

Watu wa Kabalagala walitusaidia. Walilisukuma gari hadi Namuwongo kwa fundi Kaggwa, anayetengeneza magari karibu na reli, na Mama akiwa humo humo ndani amelala, maana kumtoa kulikuwa kumuumiza. Njia nzima alikuwa akiwabariki wasukumaji mmoja mmoja kama askofu. Mimi nilisukuma pamoja nao kutoka mlango wa mbele, viatu mkononi, matope hadi magotini, na nilishukuru kuwa mgongo wangu ulikuwa kwake asiweze kuniona uso. Safari ya kwenda Maragoli ikaishia kwenye reli ya Namuwongo.

Jumatatu Kaggwa aliifungua injini. Nilikuwepo. Oili ilikuwa imejaa, safi, na kijiti cha kupimia kilisema hivyo hivyo. Kilichovunjika kilikuwa pampu inayoisukuma ile oili juu. Mhimili wake ulikatika vipande viwili kama kijiti cha kiberiti. Aliniwekea vile vipande kwenye kiganja.

"Nyabo, hii si kosa yako," akasema kwa heshima na lafudhi ya Kiganda. "Hii gali walikuuzia na ugonjwa yake ndani."

Maneno yale yalinipa tumaini, na tumaini ni kitu kibaya likikuta mtu amechoka. Dhamana ya kiwanda ilikuwa imekwisha, hilo nilijua. Nilinunua gari, mwaka wa dhamana ukapita salama, ndipo kilichofichika kikajitokeza baada ya mlango kufungwa. Lakini pale gereji waliponiuzia niliambiwa kwamba mwakilishi wa kiwanda anakuja kutoka Nairobi juma hili, na injini ikifa mapema namna hii, na kosa likawa lao, ana ruhusa ya kumpa mtu injini nyingine hata kama dhamana imepita. Tena injini mpya ilikuwepo. Nilionyeshwa. Imekaa kona ya gereji ndani ya kasha la mbao, haijaguswa. Kununua sikuweza hata kuota. Bei ya injini sasa hivi ni ya watu wengine kabisa.

Nilimwambia Mama asubiri kidogo tu. Akasema anajitahidi.

Basi leo nikavaa gauni langu refu la kanisani, nikaifunga ile pampu kwenye gazeti, nikaenda.

Gereji ile zamani ilikuwa ya Mhindi mmoja. Wahindi walipofukuzwa ikapewa kapteni mmoja wa jeshi, mtu wa kaskazini, na ndiye mwenyewe hadi leo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mtu wa kutisha. Nilimkuta mpole. Alinivutia kiti, akaagiza chai, na chai ikaja na sukari, bakuli zima. Nilikoroga vijiko vitatu bila aibu. Mwili wangu ulifurahi, nikauchukia.

Mwakilishi anaitwa Bwana Kimani. Alifurahi kukuta Mkenya mwenzake, akaniuliza habari za nyumbani, akaifungua pampu kutoka kwenye gazeti na kuipeleka dirishani penye mwanga. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema mbele ya Kapteni na mafundi kwamba pampu ile ni aibu yao. Chuma kibovu tangu kiwandani. Akasema dhamana imekwisha ndiyo, lakini yeye yuko tayari kuniombea injini, na akitoa yeye pendekezo huwa halikataliwi.

Moyo wangu ulikunjuka. Nilishamwona Mama kwenye kigodoro chake, tunapita Jinja, tunafika Busia.

Akasema limebaki jambo moja dogo, kwa ajili ya taarifa yake.

Pampu ni kosa la kiwanda, akaeleza, lakini pampu peke yake haiui injini. Pampu ikivunjika taa nyekundu inawaka, dereva anasimama, anabadilishiwa pampu, yamekwisha. Injini inakufa pale dereva anapoendelea. Kwa hiyo alitaka kujua kama taa iliwaka. Nikasema iliwaka. Akauliza nilikuwa barabara gani.

Nikasema Makindye.

Kapteni alikuwa akikoroga chai yake. Akaacha kukoroga.

"Kwa nini hukusimama, mama?" Bwana Kimani akaniuliza.

Aliuliza kwa wema. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Kalamu ilikuwa mkononi, uso umeinama kidogo kwangu, na niliona wazi kwamba ananitafutia sababu, sababu yoyote, apate kuiandika. Alikuwa mtu wa Nairobi anayeuliza swali la Nairobi.

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi na la kweli, na hakuna mtu mjini humu asiyelijua. Niliogopa askari wenu. Niliogopa kuwa yule mwalimu. Nilikuwa na mama mgonjwa kiti cha nyuma, na kati ya injini na sisi wawili, nilituchagua sisi. Ningelisema hilo, kasha lile la mbao lingefunguliwa leo leo. Na pengine mimi nisingelala nyumbani leo, na Mama angebaki kwenye ghorofa hii akiita jina langu mpaka sauti imwishe.

Nilifikiria uongo mwingine. Niseme lori lilikuwa nyuma yangu. Niseme kuna mtaro. Lakini barabara ile Kapteni anaijua kuliko mimi, ni ya kazini kwake. Kila uongo wa kunishindia injini ungerudi kuulizwa, na baada ya lori je, na mtaro uko wapi, na mwisho wa maswali yote ni uzio ule ule. Nilihitaji uongo wa kulifunga swali lisiulizwe tena. Funika kombe mwanaharamu apite.

"Sikujua ile taa ni ya nini," nikasema. "Nilidhani ni pambo."

Walicheka. Mafundi walicheka wakashikana mabega. Mmoja akasema wanawake wapewe masufuria, magari wawaachie wenyewe. Kapteni alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, akachukua kikombe chake, akanywa. Nilicheka na mimi. Ndiyo, nilicheka, nikajishika mdomo kama msichana aliyekosea hesabu ubaoni. Mimi, ambaye Yona alikuwa akinifumba macho nimtajie injini kwa mlio wake.

Bwana Kimani hakucheka. Aliifunika kalamu yake polepole. Akaniambia kwamba hapo hana la kufanya, kwa sababu kiwanda hakiwezi kulipia kutojua kwa dereva, na kwamba anasikitika sana. Nadhani alisikitika kweli. Nadhani pia aliniona mjinga, na atawasimulia wenzake Nairobi, nao watacheka. Siwezi kumlaumu. Sikumpa kitu kingine cha kusimulia.

Nikaifunga pampu yangu kwenye gazeti. Sijui kwa nini niliichukua.

Kapteni alinisindikiza hadi getini yeye mwenyewe. Alipofika getini akalishika, hakulifungua mara moja.

"Mama, mimi naona wewe kila siku napita hapa na gari," akasema kwa Kiswahili chao cha kambini. "Wewe najua gari."

Nilitazama vifungo vya shati lake.

"Wewe najibu vizuri," akasema. "Enda nyumbani."

Akanifungulia.

Alijua. Alijua nilichokificha na alijua nilikificha kwa kumwogopa nani. Nimetembea kutoka pale hadi hapa nikijiuliza kama alikuwa akinihurumia au akinionya, na sijapata jibu. Inawezekana kwa mtu kama yule yote mawili ni kitu kimoja. Inawezekana hata yeye hajui. Ninachojua ni kwamba nilimshukuru. Nilisema asante, afande, kwa sauti nzuri, kwa mtu ambaye kwa kumwogopa yeye na wenzake mama yangu hatafika nyumbani.

Nina hasira. Nilidhani nina huzuni tu, lakini nikiandika naona kuna hasira chini yake. Nimekasirika kwamba ukweli wangu ulikuwa mzuri, wa kueleweka, wa kumtoa mtu machozi, na sikuweza kuutumia. Ni kama kuwa na fedha ambazo hakuna duka linalozipokea.

Lakini mwenye nguvu mpishe. Nimempisha. Haya.

Mama nilimkuta macho, kitanda kimesogezwa dirishani na jirani. Aliniuliza walisemaje. Nilikuwa nimepanga njiani kumdanganya, nimwambie wanafikiria, watanijibu. Nilipomwangalia nikashindwa. Uongo wa siku moja ulikuwa umenitosha. Nikamweleza yote, kikombe, kalamu, hadi neno la pambo.

Nilihofia kwamba atajilaumu. Yeye ndiye aliyesema nisisimame, na kwa neno hilo alijifungia mwenyewe njia ya kwenda kwake. Akasema, bila kulia, kwamba yeye ndiye aliyeliua gari. Nikamkatalia, nikasema ni pampu, nikasema ni mimi niliyekanyaga mafuta, nikasema maneno mengi. Akaninyamazisha kwa mkono. Akasema hajutii. Akasema tungerudi pale mara mia, angeniambia vile vile, kwa sababu nyumbani panaweza kusubiri lakini mtoto akishachukuliwa harudishwi.

Nikamwambia bado nitatafuta gari jingine. Nikataja majina ya watu, hata wale ninaojua watakataa. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa majina.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya nyanya.

"Watu wa hapa huzikwa wapi?"

Nilijifanya sikusikia. Nikaenda kuwasha jiko la mkaa, nikalipepea kwa nguvu, moshi ukanipa sababu ya kutoa machozi. Nililia kwa ajili ya ile nafasi iliyoachwa wazi kando ya Baba, ambayo kaka zangu wataendelea kuizunguka na jembe wakisubiri. Nililia kwa sababu mama yangu alikuwa ameshakubali, na mimi sikuwa nimekubali, na safari hii tena yeye alikuwa ametangulia.

Niliporudi na uji, swali lilikuwa bado linanisubiri. Alisema hawaulizii Waganda. Wao wana viwanja vya baba zao. Anawaulizia wale wengine, ambao kwao ni mbali. Nikamwambia sijui. Nikamwambia kesho nitaulizia.

Akanywa vijiko viwili vya uji, akakisukuma kikombe. Akasema niulizie vizuri, nisikubali mahali popote tu watakaponitajia. Nitafute pale ninapoweza kufika kwa miguu, kwa sababu sasa sina gari, na hataki nipate taabu ya kuja kumwona.